Mabuti ya Kuwindia Bweha

Wiki iliyopita mjukuu wangu alirudi kutoka soko la Mlandege na mabuti marefu ya mtumba, ya ngozi, yanayopanda mpaka chini kidogo ya goti. Aliyatupa mapajani mwangu akasema, "Bibi, hebu yanuse, ngozi yenyewe hii." Nikayanusa. Nikamrudishia, nikamwambia nimechoka nataka kulala, na sikudanganya, maana umri huu mtu anaamka asubuhi akiwa amechoka tayari. Ila usingizi haukuja. Nililala chali nikitazama bati, harufu ile ya ngozi na mafuta imenikaa puani.

Ninyi mliokua wakati wetu mnajua ninachosema. Watoto wa sasa ukiwaambia kwamba Iringa hii hii palikuwa na Wazungu waliofuga farasi na kundi la mbwa kwa ajili ya kumkimbiza bweha, na wakishamkamata hawamli, wanakuona umeanza kuchanganyikiwa. Walikuwapo. Walikuwa wanatoka asubuhi na ukungu, wamevaa makoti na mabuti hayo, wanapiga baragumu, wanakanyaga mahindi ya watu, na wanarudi mchana wakicheka. Sina nguvu ya kubishana na mtoto juu ya hilo. Mimi nililiona.

Baba yangu alikuwa fundi viatu. Kibaraza chake kilikuwa mtaa wa Miomboni, na sisi tulikaa chumba cha nyuma yake. Babu alikuwa amekuja na misafara kutoka pwani, akaoa huku huku, akafia huku huku, akamwachia Baba msharasi wa kutobolea ngozi, nyundo na dini. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mabega yaliyoinama kabla ya wakati wake. Zamani alishona ndara za mji mzima, lakini miaka ile raba zilikuwa zimeingia madukani, na watu wanapenda kipya. Kuna siku alikaa kutwa nzima pale kibarazani akinoa kisu ambacho tayari kilikuwa kikali.

Mdogo wake, baba yangu mdogo, alikuwa ameshakwenda Makongolosi kuchimba dhahabu, na kila aliyepita kutoka huko alileta salamu zake: nafasi ipo, kaka aje. Mama alikuwa hataki hata kulisikia jina la Makongolosi. Alikuwa ameshaona waliorudi. "Wanakwenda na vifua vyao, wanarudi na vifua vya watu wengine," alikuwa akisema huku anasonga ugali, na mwiko unagonga chungu. Nilikuwa mdogo, lakini nililijua jambo lililokuwa likining'inia juu ya nyumba yetu: kazi ikipatikana hapa, Baba anabaki, isipopatikana, anapanda lori.

Ndipo Bwana akaja. Alikuwa mwenye shamba la tumbaku, nje ya mji, njia ya kwenda Mbeya. Mzungu mrefu, mwekundu shingoni, na uso wa mtu asiyelala vizuri. Mabuti yake ya kupandia farasi yalikuwa yametafunwa na mchwa, yamebaki visigino tu. Wageni wake walikuwa wanakuja kwa ajili ya msako, na kuagiza mengine Ulaya kungechukua muda mrefu mno. Alisimama mbele ya kibaraza na Kiswahili chake cha shambani.

"Wewe fundi, tafuta mabuti kama hii. Tengeneza mzuri. Mimi napenda, wewe kaa shambani, fanya kazi ya matandiko na hatamu siku yote. Iko nyumba."

"Nimesikia, Bwana," Baba akasema.

Mama alikuwa mlangoni na mdogo wangu mgongoni. Bwana alipoondoka, Mama alikaa chini pale pale kizingitini, akaanza kulia na kucheka. "Baba Siwema," akasema, "umesikia? Iko nyumba." Siwema ndiye mimi.

Tukayatafuta. Mahali pa kutafuta ni Mbeya, maana huko walikuwako Wazungu wa machimbo, na wao walikuwa hawakai. Anakuja huyu, anafilisika, anauza vitu vyake, anaondoka. Baba alinichukua kwa sababu Mama alikuwa na mtoto wa kunyonya na shangazi yangu wa Mbeya alikuwa ananiulizia. Tulipanda lori lililokuwa linakwenda kuchukua mchele Ubaruku, tukashuka njia panda, tukangoja jingine mpaka makalio yakafa ganzi juu ya mawe. Mbeya ilikuwa na baridi ya kuuma masikio. Baba alizunguka mji mzima akiuliza, nami nyuma yake nikikokota miguu, kila mahali jibu moja: hayapo, hayapo, jaribu kwa fulani.

Tuliyapata kwa mzee mmoja mfanyabiashara, Mwislamu mwenzetu, asili yake Kilwa, aliyekuwa ananunua vitu vya minadani. Yalikuwa nyuma ya magunia ya mchele. Buti moja lilikuwa na kiota cha panya, na yote mawili yamemea ukungu wa kijani.

"Haya yameniganda," mzee akasema. "Wazungu wanaona ya zamani. Mtu mweusi naye akiyavaa, ataulizwa ameyaiba wapi. Yachukue mwanangu, unipunguzie panya."

Kilichonitisha mimi ni kwamba lile la pili lilikuwa na mguu ndani yake. Mguu wa mbao, umechongwa mpaka kifundo na shavu la mguu, na juu una kipini cha kuvutia. Wa pili ulikuwa umelala kando kwenye vumbi. Nilielewa mara moja: yule Mzungu wa kwanza alikuwa na miguu ya mbao, amekufa, wamezika kiwiliwili na kuuza miguu. Nikagoma kuibeba. Njia nzima kuelekea kwa shangazi nilikuwa natembea upande wa pili wa Baba, mbali na gunia. Aliponikamua mpaka nikasema, alicheka, na Baba kucheka si jambo la kila siku.

"Si miguu ya mtu, Siwema. Ni ya kuyatunza. Buti likikaa bila mguu ndani, ngozi inasahau umbo lake."

Tukarudi Iringa, na Baba akaanza kuyatunza. Sijawahi kuona kitu kikitunzwa vile, hata mtoto. Ukungu aliuondoa kwa kitambaa alichokikamua mpaka hakitoi tone. Akapasha mafuta ya nyonyo kiganjani, akayaingiza kwa kidole gumba, polepole, kama anayemchua mgonjwa, anaacha yanywe, anarudia. Kisha nta ya nyuki. Kisha mfupa wa mguu wa mbuzi, aliousugua juu ya ngozi mpaka mikunjo ikalala na rangi ikarudi, kahawia iliyoiva. Mikono yake ilinuka mafuta hayo hata wakati wa kula. Jioni mgongo ulikuwa haunyooki, Mama anamwekea kitambaa cha moto kiunoni, na yeye anasinzia ameketi, kijiko mkononi.

Tulikwenda shambani kujaribu. Bwana alikaa kwenye ngazi za baraza lake, mpishi wake akavuta, na mguu ukaingia. Ukaingia wa pili. Bwana alisimama akatembea huku na huku, akapiga paja, akasema, "Mzuri. Mzuri sana, fundi." Alitaka visigino vipya tu na rangi ya mwisho, Baba ayalete Jumamosi wageni wakifika. Lakini wakati anayavua, wale mbwa wake walifunguliwa. Kundi zima likaja linatikisa mikia, wakayalamba mabuti juu mpaka chini, mmoja akaingiza na pua ndani. Bwana anacheka. Baba alirudi nyuma hatua moja, mikono ameinyanyua, mpaka walipoitwa. Kisha akayaokota kwa ncha za vidole, akayatia guniani.

Hapo ndipo penyewe, na asiye mtu wa nyumba kama yetu hataelewa. Sisi mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo kilichorambwa na mbwa kinaoshwa mara saba, na mojawapo kwa udongo, ndiyo kinakuwa tohara. Na chumba chetu kilikuwa kimoja. Msala wa Baba wa kuswalia, kitanda, mtoto anayetambaa, na sasa gunia lile.

"Utayaweka wapi?" Mama akauliza.

"Nje, kibarazani. Yakishakauka nitayashika kwa uangalifu. Nikimaliza nitajitoharisha mwenyewe."

"Na kuswali?"

"Nitanawa, Mama Siwema. Niache nimalize kazi ya watu."

Namjua Mama. Alikuwa amekwisha kuanza kuogopa kwamba riziki ile itakuja na mkosi, kwamba Mungu ametupa nyumba na sisi tunaipokea kwa mikono michafu. Alimpenda sana Baba, nalisema wazi kwa sababu baadaye watu walisema mengine. Alimwona anavyochoka. Alitaka kumwondolea jambo moja.

Ijumaa Baba alipigilia visigino, akamaliza, akaoga, akavaa kanzu, akaenda msikitini. Mama akatoa beseni. Aliichomoa ile miguu ya mbao, akaiweka kando, akayatumbukiza mabuti. Nilimchotea udongo mwenyewe nyuma ya choo, mwekundu, safi, alionielekeza. Alisugua ndani na nje, akamwaga, akarudia, anahesabu kwa sauti na kusoma bismillahi, mpaka zikatimia saba. Mtaona ajabu, mke wa fundi viatu hajui ngozi? Lakini fikirini. Kwetu ngozi ilikuwa inalala kwenye karai la maji kila siku ya Mungu. Ngozi ya ndara unailoweka ndipo uikate, ndipo uishone. Mama alikuwa ameiona ngozi majini tangu alipoolewa, na Baba hakuwa mtu wa kueleza kazi yake. Siku ile kulikuwa na manyunyu na baridi, na Jumamosi ni kesho, kwa hiyo alipomaliza akayapanga kando ya jiko la mkaa, karibu kabisa, akayageuza geuza kama mahindi ya kuchoma.

Baba alirudi kutoka swala ya Ijumaa akakuta yanafuka mvuke.

Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Nilidhani atapiga kelele, maana uso wake ulibadilika rangi. Mama alikuwa amechuchumaa, mikono imesinyaa kwa maji, anatabasamu.

"Nimeyatoharisha," akamwambia. "Yote, na udongo. Sasa uyashike bila wasiwasi."

Baba akatundika kofia yake msumarini.

"Ahsante, Mama Siwema," akasema. "Umenisaidia."

Aliyaondoa motoni taratibu, akayapeleka kibarazani, akaniita nimshikie. Akajaribu kuurudisha mguu wa mbao. Ukaingia nusu ukagoma. Akamimina mafuta ya nyonyo yote yaliyobaki, akasugua, akasukuma, mimi nimekumbatia buti kifuani naye anasukuma mpaka ninateleza nalo sakafuni. Ngozi ilikuwa ngumu kama kibuyu. Mama alichungulia akauliza kama kuna tatizo, Baba akasema hakuna, ngozi inapumzika. Mpaka giza linaingia alikuwa bado anasugua kwa ule mfupa. Rangi ilirudi. Yaling'aa kuliko hata mwanzo, na Mama akasema hajaona viatu vizuri namna ile.

Jumamosi tulikwenda. Barazani kwa Bwana palikuwa na wageni, wanawake kwa wanaume, na vikombe vya chai, na farasi wamefungwa nje wanapiga kwato. Bwana alifurahi kuyaona yanavyong'aa. Akakaa kwenye ngazi, akanyoosha mguu. Mguu ukashuka mpaka kisiginoni ukakwama. Mpishi akavuta. Wakaleta poda, wakanyunyiza. Bwana akasimama akakanyaga chini kwa nguvu, akawa mwekundu mpaka masikioni, wageni wakaanza kucheka, na mmoja akasema kitu wakacheka zaidi. Bwana hakucheka. Aliyavua, akakaa na soksi zake, akamtazama Baba.

"Fundi, hii siyo ile."

"Ndiyo ile, Bwana."

"Umefanya nini?"

Nilimwona Baba anafungua mdomo. Mpaka leo namwona. Angeweza kusema. Neno moja tu, "ni mke wangu," na wale wote wangecheka tena, na pengine Bwana angemhurumia, nani ajuaye.

"Sijui, Bwana," akasema. "Ni mimi."

Bwana alimrudishia mabuti. Hakumtukana. Alisema "hapana" mara mbili, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyechoka, akaingia ndani kutafuta viatu vingine. Habari ya nyumba haikusemwa tena, na Baba hakuiuliza.

Njiani kurudi mvua ilitunyeshea. Baba alikuwa anatembea mbele na gunia begani. Mimi nilikuwa nimefikiri sana, na akili yangu ilikuwa imefika mahali. Mara ya kwanza mguu uliingia, nimeona kwa macho yangu. Mara hii umekataa. Mabuti ni yale yale, Baba mwenyewe amesema, na jana ngozi ilikuwa inapumzika tu. Basi kilichobadilika ni mguu.

"Baba," nikasema, "mguu wa Bwana umevimba?"

Baba alisimama. Aligeuka akanitazama, maji yanamtiririka usoni, na nikaona midomo yake inacheza.

"Umeona mwenyewe?"

"Nimeona. Ulikuwa mwekundu."

"Ndiyo," akasema. "Umevimba. Mama yako akikuuliza, mwambie ulivyoona."

Na nikamwambia. Nilimwambia kwa moyo wangu wote, kwa sababu niliamini. Nilimwonyesha kwa mikono ulivyokuwa umejaa, nikasema mwekundu kama nyanya, nikasema Bwana alikuwa anaumia. Mtoto hawezi kudanganya vizuri vile, na ndiyo maana Mama aliamini. Alisikitika, maskini, akamwonea huruma hata Mzungu. Akasema pengine ametembea sana, maji ya moto na chumvi yangemfaa.

"Basi si neno," akamwambia Baba. "Uvimbe unapungua. Ngoja wiki hii, uyarudishe."

"Wageni wameshakuja, Mama Siwema."

"Wageni wataondoka. Farasi si wako pale pale? Ngoja tu."

Kila siku hivyo. Ngoja tu. Nenda kaulizie mguu. Alimsihi, akamkasirikia, akamnunia. Mwisho siku moja asubuhi alikaa kibarazani, akachukua kisu kile kikali, akayapasua mabuti kuanzia juu mpaka chini, akayakata ndara. Mama alitoka akakuta vipande. Sijasahau sauti aliyoitoa, haikuwa ya kilio wala ya hasira. Hakumsemesha tena mpaka Baba alipopanda lori la kwenda Makongolosi, na hata pale alimpa kifurushi cha maandazi bila kumtazama.

Baba alikuja sikukuu chache. Kila akija amepungua, anakohoa ameinamia magoti, na Mama anamkandia kifua kimya kimya. Kisha akafia kule kule, wakamzika wachimbaji wenzake, na sisi tukapata habari ameshazikwa. Mama hakuolewa tena. Alitukuza kwa vitumbua na kufua nguo za watu.

Mimi nilikuja kujua nikiwa mke wa mtu. Viatu vya mume wangu vililowana mvua, nikavianika kando ya moto, vikakataa mguu. Nikavipeleka kwa fundi, kijana tu, akavigeuza akasema, "Mama, hivi umevioka. Ngozi ikiloa ukaipeleka motoni inasinyaa, haitanuki tena." Nilikaa kwenye benchi lake mpaka alipofunga. Nililia mbele ya wapita njia na sikuona haya.

Sikumwambia Mama. Ningemwambia nini, na kwa faida ya nani. Aliishi miaka mingi, akazeeka mikononi mwangu, na kila akimkumbuka Baba alirudi pale pale, kwenye mabuti. Siku zake za mwisho miguu yake ilikuwa inajaa maji, nami nilikuwa naikanda kila asubuhi kwa maji ya moto na chumvi. Siku moja akaniambia, macho amefumba:

"Unaona? Leo imepungua. Uvimbe unapungua, Siwema. Na ule wa Mzungu ungepungua. Baba yako angengoja tu."

Nikaifuta miguu yake, nikaifunika blanketi.

"Kweli, Mama," nikamwambia. "Hakuwa na subira."